Mashono na Shangazi: Gauni refu la kizamani kwenye joto la kaskazi

Mwezi huu barua zenu karibu zote zinalia joto. Kaskazi imeshika, usiku feni inapuliza hewa ya moto, na nyie mnaopenda kujisitiri halafu mnapenda na mitindo ya kizamani mnaniuliza kama ni lazima mtu achague, aive ndani ya gauni refu au aachie mikono na miguu apate hewa. Mi nasema hakuna haja ya kuchagua. Tuanze na huyu wa Tanga maana swali lake ndo limebeba mengine yote.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nipo Tanga, nafundisha shule ya msingi. Nina picha ya bibi mzaa mama aliyopiga studio mwanzoni mwa miaka ya sitini, amevaa gauni lenye kola ya duara, vifungo mbele, mikono imefika kwenye kiwiko, halafu chini marinda mengi mpaka yamepita magoti. Nikaipeleka picha kwa fundi akanishonea zuri sana, watu wananisifia njiani, lakini Shangazi ikifika saa nne asubuhi mgongo wote umelowa, kwapani pamechora ramani, naona haya hata kunyanyua mkono kuandika ubaoni. Mama anasema bibi alikuwa anashinda nalo na kupika anapikia hilohilo. Sasa bibi aliwezaje, au zamani Tanga hakukuwa na joto? – Mwalimu wa Marinda

JIBU: Marahaba mwanangu. Joto lilikuwepo na feni hazikuwepo nyumba nyingi. Ila gauni lako na la bibi yako yanafanana kwenye picha tu, ukiyageuza ndani ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi bila kuliona hilo la kwako nakuambia liangalie sehemu nne: kitambaa, bitana, kwapa na kiuno.

Kitambaa kwanza. Wanawake wa pwani enzi hizo walishona shiti, poplini, bafta, na melimeli kwa aliyejaliwa, yote hayo pamba. Siku hizi dukani unaonyeshwa kitambaa kina maua yaleyale ya kizamani, laini, hakijikunji, muuzaji anaapa ni pamba, kumbe poliesta. Pamba inanyonya unyevu wa hewani mpaka kama asilimia 8 ya uzito wake na mkononi unaona bado kavu, poliesta haifiki hata asilimia 1. Maana yake jasho likitoka halina pa kwenda, linabaki kati ya ngozi na nguo, ndo ule utelezi unaousikia mgongoni. Sasa usibishane na muuzaji, lowesha kidole gusa kitambaa, tone likizama na kutawanyika hapohapo kuna dalili nzuri, likikaa juu kama kito huenda ni poliesta. Ila vitambaa vipya vingine vya pamba vina wanga wa kiwandani vinakataa maji mwanzoni, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni uzi. Chomoa nyuzi mbili pembeni, ukifika nyumbani ziwashe juu ya sahani ya bati, pamba itanuka karatasi inayoungua na majivu yake ukiyagusa yanapukutika, poliesta itajikunja, itayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Omba kipande kidogo cha sampuli kabla hujakata mita zako nne, muuzaji mwema hakunyimi.

Bitana. Hapa ndo mafundi wetu wengi wananiudhi, na wao nawapenda. Unampelekea pamba safi kabisa, anaichukua anaipachika bitana ya poliesta ile ya kung'aa kuanzia mabegani hadi chini ili gauni likae vizuri, pamba yako yote imebaki nje inapigwa na upepo wewe ndani umevikwa nailoni. Bibi yako hakuwa na bitana, alikuwa na shumizi, wengine wanaita kamisi, nguo ya ndani ya pamba nyembamba inayojitegemea. Shumizi inabeba jasho, jioni unaifua peke yake, kesho unavaa nyingine na gauni lenyewe linapumzika. Mwambie fundi atoe hiyo bitana yote. Kama kitambaa kinaonyesha mwanga shona shumizi mbili za bafta au za pamba nyeupe nyepesi, mikono hapana, shingo pana, urefu upungue na gauni kidogo tu.

Kwapa sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo palipokuaibisha. Fundi wa leo anakata shimo la mkono dogo lililobana kwapani ili mwili uchoreke, mkono ukinyanyuka gauni lote linapanda juu, ukishuka kitambaa kinaingia kwapani kinanata. Nenda kachukue kanzu yoyote ya kiume iliyoshonwa kwa mtindo wa zamani, igeuze, utaona pale mshono wa mkono unapokutana na wa ubavu kumewekwa kipande kidogo cha pembe nne, hicho ndo kikwapa, halafu kuanzia hapo kushuka kuna taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyotanuka kuelekea chini. Ukinyanyua mkono kikwapa kinafunguka na ukishusha kinajikunja chenyewe bila kuvuta mabega. Mafundi wa magauni nao walikuwa wakikitumia. Cha kwako kinawezekana hata sasa hivi gauni likiwa limeshashonwa, fundi afumue kama inchi mbili au tatu kila upande, akate kipande cha inchi tatu kwa tatu kwenye masalia ya kitambaa, akilaze kwa ulalo ili pembe moja iingie kwenye mkono na nyingine ubavuni, apige cherehani mara mbili. Watu hawataona chochote, ila utaandika ubaoni mpaka kengele ilie.

Kiuno. Hewa ndani ya gauni refu inaingia chini, inapata joto la mwili, inapanda na kutokea shingoni na mikononi. Ukiweka mkanda wa plastiki mpana umebana kiunoni umefunga njia. Kama kwenye picha bibi amebana kiunoni, yawezekana alijibania studio tu, maana kupiga picha ilikuwa shughuli, watu walikwenda wamejikwatua. Mwachie fundi aongeze inchi mbili kiunoni, halafu mkanda uwe wa kitambaa hichohicho, wa kufunga nyuma, ukiwa darasani unalegeza.

Na marinda usiyapunguze! Najua wapo watakaokuambia marinda ndo yanaleta joto, hapana, marinda yanakaa mbali na miguu, kila hatua unayopiga yanasukuma hewa. Sketi iliyobana ya pamba ina joto kuliko ya marinda mara mbili urefu wake. Bibi zetu walikuwa wanatia wanga wa muhogo mwepesi kwenye upindo na sehemu ya chini, nguo inasimama haigusi mapaja, jaribu, ila uwe mwepesi sana na usitie juu kifuani wala mgongoni maana wanga mzito unaziba kitambaa.

Kitu kingine, usifikiri enzi hizo kila gauni lilikuwa refu. Vimini vilikuwepo mjini mpaka TANU Youth League wakaja na Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 vikapigwa marufuku pamoja na mawigi na suruali za kubana. Kwa hiyo ukitafuta mitindo ya kuiga kwenye albamu za familia angalia zaidi za kabla ya vimini, miaka ya hamsini mpaka mwanzo wa sitini, au yale maksi ya miaka ya sabini. Ukipata nafasi ya kwenda Unguja pita Mji Mkongwe, Capital Art Studio ipo tangu 1930, kutani kwao peke yake ni shule ya mashono.

SWALI: Assalamu alaikum Bi Shangazi. Mimi naandika kutoka Maskati, wazee wetu walitoka Unguja. Nimerithi baibui la kamba la bibi yangu, lile la zamani pana la kufunga kichwani, kitambaa chake pamba, nalitamani kulivaa lakini kila mtu ananicheka, anasema jeusi, pana, utakufa na joto, mwezi wa sita huku linavuka nyuzi 40. Nao wanavaa abaya nyeusi hizohizo za dukani! Nani kasema kweli?

JIBU: Waalaikum salaam bibi. Wewe umesema kweli kuliko wao.

Lipo jambo lilipimwa na wataalamu na matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 1980, walimsimamisha mtu juani mchana kwenye jangwa la Negev, mara amevaa joho jeusi la Kibedui, mara jeupe. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi kama unavyotegemea, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawasawa na la jeupe, kwa sababu joho ni pana, hewa ya katikati inapata moto inapanda na kutoka, upepo nao unaitikisa nguo unaingiza hewa nyingine. Kwa hiyo weusi peke yake haukuui, kinachokuua ni weusi uliogusana na mwili. Baibui la bibi yako ni pana kiasi cha kuingia watu wawili, liko sawa kabisa na hilo joho.

Ila nikuongezee tahadhari mbili. Jangwani hewa kavu, jasho linaruka haraka, Maskati mpo baharini na siku nyingine hewa imeshiba maji kama Dar tu, jasho linakawia kukauka, hapo upana na upepo vinakuwa na kazi kubwa zaidi. Ya pili ni kilichopo chini. Hao wanaokucheka abaya zao nyingi ni za nida au krepu, ambazo mara nyingi ni poliesta, nida angalau ni nyepesi na inateleza haishiki mwili, lakini ukiangalia ndani kuna jinzi na fulana ya kubana, sasa hapo baibui lina kosa gani? Wewe vaa ndani dera la pamba jepesi au kanzu nyembamba ya nyumbani tu, mikono mipana, basi. Kichwani weka mtandio wa pamba nyembamba, acha ile kofia ya ndani ya mpira inayobana masikio, kichwa kinatoa joto jingi na hiyo kofia inalifungia.

Pamba ya zamani inachanika kwenye mikunjo. Usilining'inize kwa hanga, likunje kwa kubadilisha mikunjo kila baada ya muda, lifue kwa mkono maji baridi, lianike kivulini. Na lipigie picha likiwa limevaliwa na anayejua kulivaa, watu wanaojua kulifunga vizuri hawabaki wengi.

SWALI: Shangazi salama? Mimi ni wa Mombasa, huchagua mtumba Kongowea kila wiki belo zikifunguliwa. Napenda marinda ya zamani, maksi za mikono mirefu, lakini nikivaa mchana nahisi niko ndani ya tanuri. Nitajuaje lipi ni la joto kabla sijalipa? Na ile harufu ya kabati yatokaje?

JIBU: Salama mdogo wangu. Maksi nyingi za miaka ya sabini zinazotoka Ulaya ni poliesta nzito iliyofumwa, hata huku tuliivaa tukaiita krimplini, ilipendwa kwa sababu haijikunji wala haitaki pasi. Kule kwao baridi, walikuwa sawa. Huku kwetu hiyo iweke ya harusi za usiku au subiri kusi ianze.

Dokezo la haraka ni hili, likunje kwa ngumi ukiwa umesimama palepale, hesabu mpaka kumi, achia. Likirudi limenyooka kama vile halijaguswa liache, likibaki na makunyanzi lina pamba, kitani au viskosi ndani yake. Lebo ukiipata soma, lakini mengi ya zamani lebo imefutika au imekatwa. Zipu ya chuma mara nyingi ni dalili ya umri, maana nailoni ilikuja kushika sana kuanzia miaka ya sitini, na ukigeuza ndani ukaona mshono una nafasi kubwa ya kuachia, furahia, fundi atakuongezea upana kwapani na kifuani bila kutafuta kitambaa kingine. Kitani ukikikuta usikiache, hakuna kitambaa kinachoshinda kitani kwa joto letu, kinanyonya na kinakauka upesi kuliko pamba, na huo mkunjo wake ndo uzuri wake. Viskosi nayo ni baridi mwilini, inatengenezwa kwa mti, ila ikilowa inakuwa dhaifu, kwa hiyo usiisokote ukiifua, ikamue kwa kuifinya ndani ya taulo.

Harufu: loweka usiku mmoja kwenye maji yenye siki kikombe kimoja kwa ndoo, suuza, geuza nje ndani, anika kivulini penye upepo. Jua kali litakula rangi. Na kabla ya kuloweka jaribu upindo mmoja kwa kitambaa cheupe chenye maji uone kama rangi inatoka, magauni ya zamani mengine yanachuja vibaya mno. Leso pia unazo huko, ukikosa rinda la pamba Kongowea chukua doti moja ufue mara kadhaa ilainike halafu mpe fundi na picha ya hilo krimplini lako uliloliacha, atakutolea mtindo uleule wa pamba tupu, maandishi ya leso ukimwambia ayaelekeze kwenye upindo yanapendeza kweli.

SWALI: Shangazi, nipo Mwanza, binti yangu wa miaka 13 ana ualbino. Hospitali wanasisitiza avae mikono mirefu na nguo ndefu, yeye anasema anachoka na joto na anaonekana kama bibi. Nifanyeje?

JIBU: Mama, hospitali wako sahihi na hili usilegeze hata siku moja, jua la kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni ndo kali zaidi kwa ngozi yake. Fulana nyepesi nyeupe isikudanganye, inapitisha miale mingi na ikilowa jasho inapitisha zaidi. Anachohitaji ni pamba iliyosukwa ikashikamana lakini si nene, inue kitambaa uelekeze dirishani, ukiona vitobo vingi vya mwanga tafuta kingine. Kitenge cha pamba chenye rangi iliyokolea kinafaa sana, kikishonwa kipana.

Kuhusu kuonekana kama bibi, mwonyeshe picha za mabinti wa zamani waliovaa gauni la kola kubwa na mikono yenye marinda begani, mkono mrefu unaojaa hewa halafu unafungwa kwa kifungo kwenye kifundo. Mkono huo ni wa kisichana kabisa, unamkinga hadi mwanzo wa kiganja na hauna joto kwa sababu haugusi mkono wenyewe. Kola kubwa inakinga mabega, nyuma ya shingo kola isimame kidogo. Kofia pama yenye ukingo mpana, ya ukili, inapitisha hewa utosini, ila ndani ishonewe kitambaa cha pamba kwenye ukingo kwa sababu ukili una vitobo. Nguo haifuniki uso, masikio wala viganja, hapo mafuta ya kujikinga na jua yaendelee kama alivyoandikiwa. Ongea pia na mwalimu mkuu sare yake ishonwe hivyohivyo, rangi ya shule ibaki, shono libadilike. Na kitambaa cha nyumbani akachague yeye mwenyewe dukani, ukimchagulia wewe atakivulia njiani.

SWALI: Habari za kazi mama. Mimi mzee wa Morogoro, mjukuu wangu anaoa mwezi wa pili Dar, wameniambia nivae suti na tai. Sitaki kuzimia ukumbini.

JIBU: Shikamoo mzee, hongera kwa kupata mkwe. Vaa Kaunda suti, vijana wenyewe siku hizi wanaitafuta. Ile ya Rais Kaunda wa Zambia, mikono mifupi, haina tai wala shati ndani, tayari umeshapunguza nguo mbili na shingo iko wazi. Kabla hujashona mwambie fundi mambo matatu: kitambaa kiwe kitani au pamba nzito kidogo, terilini, ambayo nayo ni poliesta, hapana hata kama anasema inakaa vizuri, bitana aweke mabegani tu, na nyuma aache mipasuo miwili ya pembeni, siyo mmoja wa katikati, ili ukikaa hewa ipite. Singlendi ya pamba nyeupe vaa ndani, ile ya matundu. Rangi ya maziwa au kijivu kilichopauka, kwa sababu bluu ya kuiva jasho linaonekana mgongoni mbele ya wakwe. Na singlendi ya ziada mpe mjukuu wako mwingine aibebe kwenye mfuko, sherehe za Dar zinaanza saa mbili usiku zinaisha wakijisikia.